Barua ya wazi kwa uongozi wa CBE: miaka 60 imetimia, leteni mizani Isyonje

Kwa Mkuu wa Chuo cha Elimu ya Biashara, kwa Bodi ya Uongozi, na kwa ninyi mliokabidhiwa Kampasi ya Mbeya,

Shikamooni, na poleni na majukumu ya mwaka huu wa 2025 wenye shughuli nyingi.

Hongereni kwa miaka 60. Chuo kilichozaliwa mwaka 1965 kimeona mengi kuliko wengi wetu tunaokiandikia. Mimi ni mama wa Uyole. Natunza daftari la kikundi cha wakulima wa viazi wenye mashamba Isyonje na vijiji vya kuelekea Kitulo, na siku za soko nauza mwenyewe Mwanjelwa. Sikusoma kwenu. Utunzaji wa hesabu niliuanzia kwenye VICOBA, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, baadaye nikaongezewa na binti yangu anayesoma biashara chuo kingine. Kwa hiyo nawaandikia kama jirani, na mtulie: siombi nafasi ya mtoto.

Ombi langu ni moja, na nalisema mapema ili atakayechoka njiani awe amelipata. Katika fedha na nguvu mtakazotumia kuadhimisha miaka hii 60 huku Nyanda za Juu Kusini, tengeni fungu mlete mizani, pamoja na wanafunzi wenu wa vipimo na wa uhasibu, kwenye kituo kimoja cha kupakia viazi. Kimoja tu. Wakae msimu mzima, wapime kila gunia linalopita, waandike, na walichoandika kibandikwe mahali ambapo mkulima, mnunuzi na dereva wote wanaweza kukisoma.

Sina ugomvi na sherehe. Nimehudhuria maadhimisho ya taasisi mbalimbali hapa Mbeya, mara nyingine nikiwa jikoni, mara nyingine nikiwa mwalikwa wa viti vya nyuma, na ratiba naijua. Maandamano yanaongozwa na bendi. Mgeni rasmi anachelewa. MC anasema itifaki imezingatiwa, kisha anaitaja yote mmoja mmoja. Inasomwa risala yenye mafanikio mengi na changamoto chache, ya kwanza ikiwa uhaba wa majengo. Keki inakatwa, meza kuu wanalishana, sisi wa nyuma tunapewa fulana za saizi ambayo haipo kwenye ukoo wetu. Napenda keki na ngoma napenda zaidi. Ila kesho yake asubuhi ukipita Mwanjelwa ukamuuliza mchuuzi yeyote kwamba jana chuo kilitimiza miaka mingapi, atakuuliza chuo kipi.

Historia yenu naijua kwa kusimuliwa na kwa kusoma. Uhuru ulipokuja, biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni na familia chache za wafanyabiashara, na mzalendo aliyeweza kufunga vitabu vya hesabu alikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Chuo kikaanzishwa ili wapatikane. Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha, na vijana waliofundishwa biashara wakajikuta wanaendesha biashara ya serikali: Shirika la Biashara la Taifa, kisha zile kampuni za mikoa tulizoziita RTC, ambako sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni.

Huku kwetu aliyejulikana zaidi alikuwa NMC, Shirika la Taifa la Usagishaji. Lilinunua mahindi ya Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma kwa bei moja ya nchi nzima. Uwe Sumbawanga au uwe Morogoro, bei ni ile ile, na hiyo ni sababu mojawapo mikoa hii minne ikawa ghala la taifa. Malipo yalichelewa mpaka watu wakakata tamaa. Lakini bei ilitangazwa kwa kilo. Soko lilipofunguliwa kuanzia miaka ya 1980, mnunuzi akaja na lori lake na fedha taslimu mkononi, jambo ambalo sijamsikia mkulima akililalamikia, na akaja pia na magunia yake. Soko likawa huria, gunia nalo likawa huria.

Atakayetaka kuona ninachosema apande gari Uyole kwenda Tukuyu, ashuke Isyonje, pale barabara ya kwenda Makete inapochepuka. Asubuhi kuna ukungu na baridi ya kukaza vidole. Mnunuzi anatupa chini salfeti. Ukiitazama ni ya kawaida kabisa. Vijana wanajaza viazi mpaka mdomoni, wanalisimamisha gunia, wanalitikisa, wanalibamiza chini ili viazi vishuke, wanaongeza. Hapo gunia limejaa na mtu wa kawaida angelifunga. Fundi wa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, ndiyo kwanza anasogea. Anachukua kipande cha salfeti kuukuu, anakishonea kuzunguka mdomo, na kazi inaanza upya: ndani ya kile kilemba vinaingia viazi vingine, vikubwa vikipangwa pembeni kwa mkono ili ukuta usibomoke, vidogo vikimwagwa katikati, hadi gunia linampita mtu kiuno na kumkaribia kifua. Wanaume wanne wanalinyanyua wakiguna. Mkulima amesimama pembeni, mikono kwenye koti, anaangalia. Bei walishakubaliana tangu jana, na bei ni ya gunia.

Hiyo ndiyo lumbesa. Ninyi mnaijua, wahadhiri wenu wanaijua, mawaziri wa biashara na wa kilimo wanaijua kwa zamu. Ngoja niiweke kwenye hesabu, maana naandikia chuo cha hesabu. Tuseme gunia linanunuliwa shilingi 70,000. Likiwa la kilo 100, kilo moja ni shilingi 700. Likiwa la kilo 130, na yapo yanayozidi hapo, kilo moja inashuka hadi shilingi 538. Mkulima anayeuza magunia 20 ya namna hiyo ametoa kilo 600 za nyongeza. Kwa bei ile ya shilingi 700 ni shilingi 420,000. Hiyo ni ada ya mtoto, au mbolea ya msimu unaofuata, imepandishwa kwenye Fuso na hakuna karatasi inayoonyesha ilikwenda wapi.

Daftari ninalotunza lina safu ya magunia, safu ya bei na safu ya jumla. Safu ya kilo haipo kwa sababu hakuna cha kuijazia. Mwanakikundi akiniuliza msimu huu tumevuna tani ngapi, namtajia magunia, na yeye anajua na mimi najua kwamba gunia la Machi na gunia la Juni ni vitu viwili tofauti. Benki inapotaka kumbukumbu za uzalishaji ili kutufikiria mkopo, tunapeleka makadirio. Afisa mikopo anayatazama kwa huruma. Wakati huo huo wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, hawaulizi kumbukumbu yoyote, kwa hiyo ndio wanaopata wateja.

Msidhani nawaona wanunuzi kama mashetani. Wengine ni wakwe zangu. Nimekaa nao na hesabu zao nimezisikia. Kuli analipwa kwa gunia. Lori linakodiwa kwa gunia. Ushuru getini mara nyingi unahesabiwa kwa gunia. Dalali wa soko la Mabibo, Dar es Salaam, anachukua chake kwa gunia. Kwa hiyo kila anayelipa kwa gunia kuanzia Isyonje hadi Dar es Salaam anataka magunia machache yaliyo makubwa. Mnunuzi mmoja akiamua kuwa mwadilifu peke yake, afunge kilo 100 tupu, atalipa kuli, nauli na ushuru wa magunia mengi kuliko mwenzake kwa mzigo ule ule, na sokoni atauza bei sawa na mwenzake. Kabla msimu haujaisha atakuwa amerudi kulima. Hapa hakuna suala la tabia mbaya ya mtu mmoja. Kipimo chenyewe kimewekwa mahali ambapo kinamlipa anayekivuruga. Mwalimu wenu wa uchumi anaweza kulifundisha hilo saa nzima bila kuangalia karatasi.

Nasi wakulima si malaika. Vile viazi vidogo katikati ya gunia na vikubwa juu havijipangi vyenyewe, na jiwe limewahi kukutwa ndani ya salfeti. Mnunuzi anayeongezea kilemba anajitetea kwamba analipia na jiwe hilo. Mahali pasipo na mizani, kila mmoja anajitengenezea yake.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo upo tangu 2002, maofisa wake wanakagua, wanakamata na wanatoza faini. Wakuu wa mikoa na wa wilaya wameipiga lumbesa marufuku mara nyingi mpaka marufuku yenyewe imekuwa sehemu ya msimu: tunajua mvua zikipungua itakuja. Gari la matangazo linapita, wiki moja vilemba vinapungua, gari linaondoka, shazia zinatolewa mfukoni. Tatizo la marufuku ni kwamba inamnyang'anya mtu kipimo kibovu bila kumpa kizuri. Mnunuzi na mkulima waliosimama kando ya barabara saa kumi na mbili asubuhi bado wanahitaji kitu cha kupatania bei, na kitu pekee kilichopo hapo ni gunia.

Fuso hilo hilo likiondoka kwetu kwenda Dar es Salaam litapanda mizani ya barabarani Makambako, na litapanda tena Vigwaza kabla ya kuingia mjini. Serikali inajua uzito wa kila ekseli kwa sababu lami ni ghali, na nakubali ni ghali. Kwa hiyo barabara inayobeba viazi vyetu inalindwa na mizani ya kisasa yenye kompyuta, na aliyevilima hana hata ile ya kuning'iniza.

Yapo mazao ya huku huku yanayopimwa vizuri. Kahawa ya Mbozi inapimwa kwa kilo. Majani mabichi ya chai ya Rungwe yanapimwa kituoni siku hiyo hiyo ya kuchuma. Kakao ya Kyela inapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inapimwa, inaingia kwenye stakabadhi ghalani, ule mfumo wa zao kutunzwa ghalani kwa risiti, inauzwa mnadani, na mkulima anajua kilo zake na bei yake. Tumbaku ya Chunya inapimwa na kupangwa madaraja. Karibu yote hayo yanakwenda kunywewa, kuliwa na kuvutwa nje ya nchi. Viazi, kabichi na ndizi tunavyokula sisi wenyewe vinapimwa kwa macho. Mnywaji wa chai yetu aliyeko Uingereza analindiwa gramu zake. Mtanzania anayekula chipsi mayai Temeke, pamoja na mkulima anayemlisha, wanaachwa wamalizane.

Sababu zake nazijua. Kahawa na kakao zina wanunuzi wachache na zinakaa ghalani. Kiazi kikikaa kwenye mwanga kinageuka kijani, kikikaa kwenye unyevu kinaoza, na wanunuzi wake hawana idadi. Stakabadhi ghalani, iliyowekewa sheria mwaka 2005, haiwezi kung'olewa Kyela ikapandikizwa Isyonje kama ilivyo. Ndiyo maana siombi mnada, wala ghala, wala mfumo. Naomba kitu cha chini kabisa, kinachotakiwa kutangulia hivyo vyote: kupima na kuandika.

Na kwa nini ninyi? Shule za biashara hazikosekani ukanda huu. Mzumbe wana kampasi yao Mbeya. TIA, Taasisi ya Uhasibu, wapo. Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Mkwawa, chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, nacho kinatimiza miaka 20 mwaka huu huu kikilea walimu, na nawapongeza nao kwa kupita. Lakini CBE mnafundisha vipimo na mizani kama fani kamili. Mtu anaingia darasani kwenu na kutoka akiwa anajua kuikagua mizani, kuihakiki na kuikataa. Maofisa vipimo waliopita mikononi mwenu wapo nchi nzima. Ukanda unaopunjwa kwa vipimo una kampasi ya chuo kinachofundisha vipimo. Mkiniambia hapo hakuna kazi ya kufanya, nitarudi kwenye VICOBA yangu niwaache mkate keki kwa amani.

Kalenda nayo imewapendelea. Tarehe 20 Mei 1875, mataifa 17 yalitia saini mjini Paris Mkataba wa Mita, ambao ndio mama wa vipimo tunavyotumia. Mwaka huu mkataba ule umetimiza miaka 150. Kuanzia 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha platini iliyochanganywa na iridi, kimefunikwa kwa vioo na kufungiwa kabatini Sèvres, nje ya Paris. Baada ya miaka mia moja wataalamu waligundua kwamba kilo ile na nakala zake zimeanza kupishana kwa kiasi cha mikrogramu 50 hivi, yaani gramu moja ukiigawa vipande milioni moja, ni vipande 50 tu. Wakakosa usingizi. Walihangaika miaka mingi, na mwaka 2019 wakaacha kabisa kutumia kile kipande, kilo ikafungwa kwenye kanuni ya maumbile isiyobadilika. Sisi tunapishana kilo 30 kwa gunia moja, na mkutano wenyewe haujaitishwa.

Kuhusu wanafunzi, nina neno, na litawagusa wote mnaosomesha biashara, tusitafutane kwa majina. Binti yangu alikwenda fildi ofisi moja mjini. Alikaa muda wake wote, akasainiwa kitabu, akarudi. Nikamuuliza amejifunza nini. Akasema sasa anajua kufungua mashine ya fotokopi karatasi ikikwama. Ni ujuzi, sikatai, na siku moja utamfaa. Lakini yule mtoto anaweza kukokotoa uchakavu wa lori kwa njia mbili, na hakuwahi kusimama karibu na lori linalopakiwa. Halafu mwaka wa mwisho wanaambiwa waandike utafiti. Nimesimama stationari nyingi za mji huu nikisubiri zamu yangu, na mada ninayoiona ikichapwa ni ile ile: changamoto zinazowakabili wajasiriamali wadogo, mfano wa Jiji la Mbeya. Mhojiwa anaulizwa kama mtaji ni changamoto. Anasema ndiyo.

Waleteni Isyonje tuone. Wa vipimo wataifunga mizani ya jukwaa, wataikagua kila asubuhi kwa mawe yake mbele za watu, ili mkulima aliyewahi kupunjwa na mizani ya mtu apate kuiamini hii. Wa uhasibu wataandika: gunia, kilo, bei, bei ya kilo, tarehe. Wa masoko watapiga simu Mabibo na Temeke kila siku na kuandika bei ya huko kwenye ubao, kwa chaki, herufi kubwa. Wa ugavi watakokotoa nauli ya kilo moja kutoka Uyole hadi Dar es Salaam, kazi ambayo ikifanywa vizuri inaweza kuwashawishi wenye malori watoze kwa kilo, na hapo ndipo mzizi wa lumbesa ulipo. Kama kozi fulani haisomeshwi Mbeya, kampasi nyingine si nchi nyingine. Basi la kutoka Dodoma linafika siku hiyo hiyo. Mwisho wa msimu mtakuwa na kitabu cha bei ya kilo ya Isyonje, mstari kwa mstari. Watafiti watakigombania. Benki itakisoma. Halmashauri inayotaka kujua ushuru wake unavuja wapi itakiomba nakala, na msiwape bure.

Najua mtakayojibu, kwa hiyo nijibu kabisa.

Mtasema kusimamia vipimo ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Kweli, na ibaki hivyo. Wanafunzi wasikamate mtu, wasitoze mtu, wasigombane na mtu. Aliyejaza kilemba apimwe na kilemba chake, iandikwe kilo 134, aendelee na safari. Wakala washirikishwe tangu mwanzo, nadhani watafurahi kupata jicho la kudumu mahali wanapopita kwa doria. Halmashauri husika nayo iarifiwe, la sivyo mtaombwa kibali siku ya kwanza saa mbili asubuhi.

Mtasema wanunuzi watakihama kituo chenye mizani. Wiki ya kwanza watahama baadhi. Wengine watagundua kwamba gunia lililopimwa na kuandikwa linaweza kuuzwa kwa simu kabla halijafika mjini, bila kutuma kijana wa kwenda kulikagua, na kwamba jiwe halina pa kujificha tena. Mnunuzi naye anapunjwa, sema hana pa kulalamikia bila kuchekwa.

Gharama siijui senti kwa senti. Ila nimewahi kukodi hema, viti na muziki kwa harusi, na mizani ya jukwaa nimeulizia madukani. Siku moja ya mahema makubwa na jukwaa inatosha mizani na chaki za msimu, na chenji inabaki.

Malazi niachieni mimi. Vijana watapokelewa kwenye nyumba za wanakikundi, watakula viazi mpaka wavikimbie, waje na masweta mazito, na yule anayetaka kulala mpaka saa mbili atafutiwe fildi ya mjini.

Jingine dogo. Wahitimu wenu wa zamani, wale walioshika maghala ya RTC na vitabu vya NMC miaka ya 1970, wengine bado wapo na wengi wamestaafia huku huku mikoani. Msiwaite kukaa meza kuu tu. Wakalisheni na wanafunzi nusu siku, wawaeleze jinsi ghala la sukari lilivyofungwa hesabu kwa karatasi ya kaboni. Na tafadhali, msijenge mnara wa kumbukumbu.

Kikundi chetu kina banda la mabati kando ya barabara, lina sakafu ya saruji na mlango wenye kufuli. Tumeshakubaliana kikaoni, na muhtasari ninao, kwamba banda hilo litatumika bila kodi kwa msimu mzima mkikubali, na kwamba magunia ya wanakikundi yatakuwa ya kwanza kupanda mizani, yenye vilemba na yasiyo na vilemba. Meza ipo. Ubao tutaupaka rangi upya. Jibu lenu mnaweza kulipitisha kwa mtendaji wa kijiji. Na kama mnataka kuja kuona kwanza kabla ya kuamua, njooni siku yoyote ya kupakia, ila mfike kabla ya saa tatu asubuhi. Malori yakishaondoka hakuna mtakachokuta.

Ndimi wenu,

Mtunza daftari, kikundi cha wakulima wa viazi
Uyole, Mbeya